Dishi la Mnara wa Kagoma

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Bila mimi Muleba nzima ni bubu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo. Mkubwa yeyote akishika simu, sauti yake inapita kwanza hapa Kagoma, juu ya kichwa changu mimi Muharami, ndipo iende inakokwenda. Wengine wana digrii. Mimi nina mnara.

Kwenye karatasi ya kampuni wameandika "mlinzi". Karatasi haijui kitu! Nani anafyeka nyasi? Nani anapima dizeli ya jenereta kwa kijiti kila asubuhi? Nani alisimama hapa mwaka jana radi ikashuka, ikaniona, ikapinda kona ikaenda kupiga mkaratusi? Nilimsimulia Evarist, injinia wetu wa Bukoba, yule wa kompyuta. Akasema, Mzee, pale juu kuna chuma cha kukamata radi. Sawa. Na hicho chuma radi inakiogopa kwa nini?

Mchana alikuja Shamsa, mtoto wa marehemu dada yangu. Ameolewa hapa chini, mume wake anauza nguo visiwani, anarudi mara moja kwa mwezi. Kaniletea matoke na dagaa. Mimba imefika miezi saba na zaidi. Yule wa kwanza alitolewa kwa kisu, kwa hiyo nesi wa zahanati amemkanya: uchungu ukianza tu, piga simu hapo hapo, gari litoke Muleba mjini. Usingoje hata chai iive.

Na huku bondeni hakuna netiweki nyingine. Ni mnara huu tu.

— Mjomba, mnara wako usije ukanizimikia.

— Ukizima nitakubeba mgongoni mpaka Muleba, na mnara nitaubeba kifuani.

Akacheka mpaka akashika tumbo. Nami nikacheka.

Alhamisi, 5 Septemba

Leo Avit, mwenye kibanja kilichopakana na uzio wetu upande wa juu. Kaja rasmi, kavaa koti, kashika amwani kwenye kikasha kidogo. Mtu akikukaribisha kahawa ya kutafuna namna ile, ujue ana neno. Nikachukua punje mbili. Tukatafuna.

Migomba yake imeanza kunyauka. Majani njano, ndizi zinaiva kabla ya siku zake, ukikata shina linatoa usaha. Watu wamemwambia ni mionzi ya mnara. Lile dishi kubwa la juu linatazama kibanja chake moja kwa moja.

Nilitaka kusema siyo. Wallahi nilitaka. Evarist alishatueleza, lile dishi linaongea na dishi lenzake la kilima cha pili, halina habari na ndizi. Lakini Avit akasema, "Waitu injinia, tusaidie."

Injinia! Mtu mzima, mzee wa kanisa, ananiita injinia, tena kwa waitu, neno la heshima la Kihaya.

Nikatazama juu. Nikakunja macho kama wanavyofanya wao. Nikasema: kweli, limeelekea kwako kidogo. Digrii kama nne. Nitapanda alfajiri nilizungushe.

Ijumaa, 6 Septemba

Alfajiri nikachukua spana, nikaenda nyuma ya jenereta, nikagonga nguzo mara tatu, ngo, ngo, ngo, isikike mpaka kwa Avit. Kisha nikapumzika. Saa moja nikamwita: tayari. Akatazama juu, akasema ni kweli, limesogea! Kaleta mkungu ambao wanaume wawili wangeubeba kwa taabu. Niliuingiza ndani kwa mkono mmoja.

Jumamosi, 14 Septemba

Bwana shamba kapita kwa pikipiki. Kasema ugonjwa ni wa bakteria, unatembea kwenye mapanga. Kata mgomba mgonjwa, fukia, panga lipitishe kwenye moto kabla ya kugusa mgomba mwingine. Avit kafanya yote, kakata karibu robo ya kibanja.

Halafu jioni Ildefons, jirani wa upande wa chini, akaazima lile lile panga. Utomvu wa mgomba wa mwisho bado umeganda kwenye bapa, moto haujaugusa. Nilikuwa getini, nilimwona akipita nalo begani. Nikasema nimwite. Lakini alikuwa haraka, nami nilikuwa nazungumza na simu. Maimuna, mke wangu, anauliza kutoka Hamugembe lini nakwenda nyumbani. Nikamwambia kazi za kiufundi ni nyingi.

Jumapili, 29 Septemba

Kibanja cha Avit kimepona! Hakuna mgomba mpya ulionyauka. Baada ya misa kasimama nje ya kanisa katangaza. Hakutaja bwana shamba. Hakutaja kukata wala kufukia. Katangaza dishi.

Mchana mzima geti langu halikufungwa. Salamu, mayai, parachichi. Jovita wa dukani kaniita pembeni, kauliza kama naweza kulielekeza kwa shemeji yake, hata wiki moja tu, amtie adabu. Nikamwambia mambo hayo yanahitaji kibali cha Dodoma.

Nakwenda kulala nikiwa na furaha ambayo sijui niieleze vipi. Miaka hamsini na mbili. Darasa la tano. Leo mtu kanisogezea kiti.

Jumatano, 9 Oktoba

Ildefons kaja. Hakusalimia. Kaweka kipande cha shina la mgomba mbele ya geti, kikitoa usaha wa njano, kama mtu anayeweka maiti.

— Uliligeuza kutoka kwa Avit. Sasa linatazama wapi?

Nikajifanya natafuta funguo.

— Nakuuliza wewe, mwenye mionzi. Linatazama wapi?

Mbele ya macho yangu akahesabu: migomba ishirini na mitatu. Kibanja cha babu yake. Babu mwenyewe kazikwa mle, na baba, na mtoto wake mmoja. Kasema migomba ikiisha makaburi yatabaki juani kama ya watu wasio na ukoo.

Hapo ndipo ningesema: Ildefons, ni panga. Ni lile panga uliloazima, lichome moto leo, kata wagonjwa, utaokoa waliobaki. Maneno kumi. Lakini nikisema panga, basi dishi halikugeuka. Na kama dishi halikugeuka, zile kelele za spana zilikuwa nini? Na ule mkungu niliula kwa haki gani?

Nikasema, nitawasiliana na Bukoba.

Akasema anangoja mpaka Jumapili.

Jumapili, 13 Oktoba

Mambo yameharibika. Gari la dizeli lilikuja saa nne, likakuta watu kama kumi na tano wa ukoo wa Ildefons wamekaa kwenye nyasi mbele ya geti. Hawana fimbo. Hawapigi kelele. Wamekaa tu, wanawake na vikapu vyao, kama msibani. Dereva akashusha kioo, akaambiwa mafuta hayaingii mpaka dishi ligeuke. Akapandisha kioo, akarudi zake.

Umeme wa nguzo huku umekatika tangu mvua ya Jumatano. Jenereta ndiyo roho. Kijiti kinaonyesha siku tatu, nikibana.

Evarist kapiga.

— Mzee, umewaambia nini hao watu?

— Nimewaelimisha.

— Umewaelimisha nini?

Nikamwambia netiweki inakatakata, simsikii. Mimi! Chini ya mnara! Akasema kwa kelele timu yote iko Ngara, atafika Alhamisi na watu wa serikali ya kijiji wazungumze. Nisiguse kitu. Nisipande, sina mkanda wala cheti. Kama kuna uongo nilisema, niufute mwenyewe kabla hajafika.

Uongo. Neno zito hilo kwa mtu wa umri wangu.

Jumatatu, 14 Oktoba

Sikukuu, lakini hakuna aliyesherehekea. Wamekaa pale pale. Wanapokezana.

Shamsa kapita katikati yao, taratibu, mkono kiunoni. Miguu imevimba, viatu kavaa vya mume wake. Kamwamkia Ildefons, na Ildefons kasimama kumpisha, kamwuliza hali. Kamwambia, mwanangu, siku ikifika vijana wangu wanne watakubeba kwa machela, bibi zetu wote walibebwa hivyo. Alisema kwa moyo mweupe kabisa. Ndilo linaloniumiza. Machela mpaka Muleba, na mshono ule tumboni!

Alipoingia akafunga mlango.

— Mjomba. Kweli uliligeuza?

— Unaniuliza mimi?

— Nakuuliza wewe.

— Digrii nne.

Alinitazama kama mama yake alivyokuwa akinitazama nikirudi nyumbani bila mbuzi na hadithi ndefu ya chui. Kisha akaomba maji.

Jumanne, 15 Oktoba

Nimezima jenereta kwa saa mbili mchana, nikaacha betri zibebe. Nikawasha tena. Kijiti kinalowa ncha tu. Sikula.

Nilifika mpaka getini mara mbili kumwambia Ildefons. Mara ya kwanza nikamwambia kuna dalili ya mvua. Mara ya pili nikamwomba kiberiti.

Jumatano, 16 Oktoba

Saa tatu na robo asubuhi. Naandika nimekaa kwenye ngazi ya mnara, kipago cha kwanza kabisa.

Shamsa kapiga saa moja. Tumbo linakaza na kuachia tangu alfajiri. Kampigia nesi, nesi kasema huenda ni maumivu ya uongo, alale ubavu, aangalie saa; yakikaribiana chini ya dakika kumi apige tena mara moja, gari litoke. Kwa hiyo ipo simu moja ambayo lazima ipite. Haijapigwa bado. Dizeli iliyobaki ni ya mpaka adhuhuri, pengine isifike.

Nimekwenda getini nimewaeleza. Kuna mama anaumwa, mnamjua. Wanawake wamepiga kelele za huruma kwa Kihaya, Mawe! Mawe! yaani mama wee! Ildefons kavua kofia. Kasema basi ndiyo maana ufanye haraka, Muharami. Gari la mafuta limerudi, limelala pale barabarani Kagoma senta, dereva anangoja neno langu. Panda, geuza dishi litazame ziwani, huko hakuna kibanja cha mtu. Likigeuka tu nampungia mkono dereva. Hata pesa ya mafuta sitaki kujua nani analipa. Nataka migomba yangu.

Avit naye yupo. Anatabasamu, ananitia moyo. "Injinia, panda tu, kama siku ile!"

Kama siku ile.

Nikafunga kamba ya ng'ombe kiunoni, ikawa mkanda. Nikashika vyuma. Nikapanda vipago vinne. Nikatazama chini kuona wameona. Mikono ikagoma kuachia. Nikasikia Jovita anasema, mbona kasimama? Sijui nilishukaje.

Nikawaambia: injinia hapandi kabla hajaandika hesabu za pembe. Nikachukua daftari hili. Na wamenyamaza wote! Wanaiheshimu kalamu. Mtoto kalia, mama yake kamziba mdomo, mzee anaandika hesabu. Ildefons kasimama karibu na uzio, kofia mkononi, anangoja kama mtu anayengoja daktari atoke.

Sina hesabu. Nimeandika yote hayo hapo juu na bado hawajachoka.

Nikimwambia sasa ni panga, atauliza tangu lini najua. Tangu Septemba. Migomba ishirini na mitatu wiki iliyopita, leo sijui ni mingapi. Atauliza kwa nini nilinyamaza. Nitajibu nini — kwamba niliitwa injinia na nikapenda?

Simu iko mfukoni. Vijiti vinne vya netiweki, vimejaa. Jenereta imekohoa mara moja sasa hivi, ikaendelea.

Ildefons ameuliza kwa upole kama bado sana. Nimemwinulia kidole: kidogo tu.

Basi niandike hili, mkono uzoee, labda na mdomo utafuata. Sijawahi kupanda mnara huu. Wala mwingine. Bati la nyumba yangu liling'olewa na upepo mwaka jana Hamugembe, aliyepanda kulipigilia ni Maimuna, kajifunga kanga kiunoni, misumari mdomoni. Mimi nilishika ngazi. Na macho nilikuwa nimefumba.