Gari Lisilo na Ekzosi

Mdogo wangu mpendwa,

Niwie radhi kwa kimya kirefu. Mimi niliyekufundisha kujibu barua sikupaswa kunyamaza hivi. Tu wazima, na shemeji yako bado ananishinda kwa maneno.

Karakana ya marehemu baba imepoa. Magari ya umeme yameenea, nayo hayana ekzosi, basi mimi fundi ekzosi nimekuwa mganga katika mji usio na wagonjwa. Juzi alikuja tajiri mmoja, akitaka kuinunua karakana na kuivunja, ajenge kituo cha kuchaji magari. Gari lake liliingia kimyakimya hadi nyuma ya shemeji yako, naye kwa mshtuko akamwaga beseni la nguo.

"Gari gani hili, linanyemelea watu kama paka?" alifoka, kisha akanigeukia mimi. "Mzee, lifungie hata bati lipige kelele!"

Tajiri alicheka mpaka akaketi chini. Alipoinuka, aliyaona mageti niliyoyachomelea, akabadili nia: karakana ibaki yetu, yeye alete umeme wa kuchajia magari, mimi nichomelee vibanda vya vituo vyake vyote.

Karakana ni yetu sote wawili, kwa hiyo sijamjibu. Nipe neno lako. Tukishaamua, nitakuandikia bila kuchelewa. Ila ujue, shemeji yako ameshafuta "ekzosi" kwenye kibao cha karakana.

Ni mimi kaka yako,
Fundi