Mstari Ulioniachia Ndani ya Mashine

Baba Akinyi,

Miezi mitatu tangu tukuzike, na bado kila asubuhi napiga hodi kabla ya kufungua saiba yako, duka la intaneti, hapa mtaani Huruma. Mazoea.

Nikwambie ukweli kwa kuwa huwezi kunigombeza: nusura tufunge. Wiki jana stima ilipotea, ikarudi kwa nguvu, ikaunguza kadi ya mtandao ya mashine kubwa, ile ya mfumo wa Linux inayogawia kompyuta zingine intaneti. Mama Akinyi akaniambia, "Wambui, ikifika Jumamosi kama intaneti haijashika, mimi nauza hizi vitu nirudi nyumbani." Hakuwa na hasira. Amechoka, na kila kiti humu kinamkumbusha wewe.

Nilinunua kadi nyingine, nikaifunga kwa bisibisi yako. Taa ya kijani ikawaka. Intaneti, wapi! Nikabana kebo upya, nikazima, nikawasha, nikazima tena, mpaka nikakusikia kichwani: "Kuzima na kuwasha si kutengeneza, we msichana. Soma mashine inasema nini." Nililia palepale. Mteja wa fotokopi akajifanya anatafuta chenji.

Basi nikasoma. Mashine ilikuwa imeiona kadi mpya, lakini bado inaingoja ile iliyoungua. Nikafungua faili ya mipangilio, ile uliyonikataza kuigusa. Namba ya kadi ya zamani ilikuwa pale, umeiandika mwenyewe, maana hukupenda mashine ijichagulie. Juu yake kulikuwa na mstari wa maelezo, ule ambao mashine huuruka na mtu tu ndiye huusoma:

"Wambui, ukibadilisha kadi, badilisha na namba hapa. Najua umeshazima na kuwasha. Kunywa chai kwanza."

Miaka minne ukinifunza kazi, nilikuuliza kama nimeiva, ukanijibu "bado". Kumbe ulishajua ni mimi nitakayefungua faili hiyo. Ungeniambia tu, mzee wangu. Ningefurahi ukiwa hai.

Nilikunywa chai, nikaandika namba mpya, na mashine zote zikashika. Ilikuwa Ijumaa. Nilimwita Mama Akinyi nikamwonyesha mstari wako. Aliusoma mara mbili, akafuta kioo cha mashine kwa leso, akasema, "Fungua mlango wote, watu waingie."

Pumzika, mwalimu wangu. Kadi zitaungua tena, nami nitazibadilisha, lakini nakuahidi mstari wako haufutwi. Chini yake nimeongeza neno moja tu: "Nimekunywa."

Wambui