Pembe ya Shamba la Mnyuzi

Mama,

Shikamoo. Najua sitasikia marahaba yako, lakini nikianza kuzungumza na wewe bila shikamoo nahisi utanikata jicho hukohuko uliko.

Nakuandikia nikiwa hapa kibarazani, Mnyuzi. Mahindi ya vuli yameanikwa uani, kuku wanayanyemelea, na mimi nina hamu na wewe. Watu waliniambia itapungua. Haijapungua. Asubuhi bado nabandika chai ya watu wawili, kisha nusu inapoa nikiitazama.

Nikupe kwanza habari za msiba wako, maana wewe na habari za misiba! Tulikuzika siku ileile, kwa sanda isiyo na pambo, na wazee wa msikitini waliokuja kutusaidia kuchimba wakaambiana, kumbe hawa wanazika kama sisi. Tukakaa chini siku saba kama inavyotupasa Wayahudi, na hakuna aliyeona ajabu, kwani msiba gani huku watu wanakaa juu? Jirani yako Mama Mwanaidi alikuja kila asubuhi na chupa ya uji. Kila mgeni aliyeuliza dini yetu alimjibu kwamba sisi ni Wasabato wa aina nyingine. Miaka yote ulimrekebisha hukufanikiwa. Mimi nilimwacha.

Sasa nije kwenye lililonishikisha kalamu. Ni ile pembe.

Ulipofariki, mahindi ya masika yalikuwa yamekaukia shambani. Desturi yako tuliijua sote, ile uliyorithi kwa babu yako, mfanyabiashara wa Kiyahudi aliyetoka Yemeni akaoa Mzigua akabaki hapa. Pembe ya shamba iliyo upande wa reli haivunwi. Torati imesema ni ya maskini na mgeni, kwa hiyo unaiacha imesimama, na anayehitaji anakuja kuvuna mwenyewe. Nakumbuka yule ndugu wa kutaniko letu aliyekusifu mbele ya watu kwa ukarimu, ukamjibu, "Ile si yangu. Nitamgawiaje mtu kitu ambacho si changu?" Nikacheka mpaka ukanifinya.

Basi siku ya saba ya msiba, Baba Mdogo Elisha alisimama kuzungumza. Unajua alivyo, anavyotuongoza sala pale sebuleni kwake Korogwe, tukiwa familia chache tu lakini yeye anahutubia kama tumejaa uwanja. Akasema, "Kazi ya shemeji isife." Wote tukaitikia.

Wakaja kutaniko zima, wakavuna shamba lote, na pembe wakaivuna pia. Walipukuchua, wakajaza viroba, wakashona midomo ya viroba kwa uzi wa rangi moja ili vipendeze. Walifanya kwa moyo, Mama, hata wale wa mjini ambao jembe wanalijua kwa kuliona dukani. Kisha siku ya thelathini, ambapo sisi tunahitimisha maombolezo, wakafunga turubai hapa uani, wakakodi spika na kutundika bango lenye picha yako, ileile ya kitambulisho uliyoichukia. Mwenyekiti wa kitongoji akaombwa awaalike wote wenye uhitaji waje wapokee. Majirani walisema tumewahisha arobaini, lakini walikuja wengi. Walikaa, wakala wali na maharage, wakakuombea kila mtu kwa dini yake.

Spika ilipoita watu wa viroba, hakuna aliyeinuka.

Baba Mdogo akaita tena. Akadhani watu wanaona haya kidogo tu, wanahitaji mtu wa kuwafungulia njia, akamwita Mama Mwanaidi kwa jina. Aje awe wa kwanza, yeye ni mjane, asiogope. Mama, mkwewe alikuwa amekaa safu ya nyuma! Mume wa Mwanaidi, ameshuka kutoka Bungu na wazee wake kuja kutupa pole. Mama Mwanaidi alisimama, akajifunga khanga vizuri, akasema taratibu, "Mimi nimekuja kumlilia mwenzangu. Sikuja kupokea." Akatoka. Na wengine wakaanza kuaga, mmoja mmoja, kwa adabu zote.

Baba Mdogo alibaki amekumbatia kiroba kama mtu aliyeachiwa mtoto wa wenyewe. Jioni alilia, akiniuliza amekosea wapi, na mimi nilikuwa na hasira naye. Viroba vikapelekwa shule ya msingi, wakapikiwa watoto uji. Mama Mwanaidi hakukanyaga tena hapa. Tukikutana njiani ananiitikia shikamoo yangu vizuri, ananiuliza hali, lakini hapiti kwetu.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Kukuzika niliweza kwa sababu niliambiwa la kufanya, saa kwa saa. Lakini ile pembe ndiyo kitu pekee ulichoniachia nikiendeleze, na nilikuwa naiona inakufa kwa mikono ya watu wanaokupenda.

Vuli ilipokuja nililima mwenyewe, nikapanda, nikavuna, nikaiacha pembe imesimama. Baba Mdogo akaniambia kwenye simu, "Mwanangu, utalisha nyani." Nikanuna. Nikavuta kigoda kwenye dirisha la chumbani kwako, lile la upande wa reli, nikawa nasubiri. Majani yakichakacha tu, nachungulia. Ni upepo. Yakichakacha tena, ni mbuzi wa watu. Nilitaka nimwone mtu mmoja tu, nijue hawajatuchoka. Hakuja mtu, mahindi yakaanza kuinama, na nyani kweli wakaanza kuyanyatia.

Siku moja shingo inaniuma kwa kuchungulia, nikakumbuka Hale.

Kila tukimaliza kuvuna, ulikuwa unafunga nyumba na kunipeleka Hale kwa Shangazi Raheli, kwenye zile nyumba za wafanyakazi wa umeme. Tunashinda huko Sabato na siku nyingine juu yake. Utoto wangu wote niliamini unampenda sana wifi yako. Unampenda wapi! Hampikiki chungu kimoja, mnaanza kugombana kwenye chumvi ya mchuzi mnamalizia kwenye namna ya kuwasha mishumaa ya Sabato. Nikakuuliza mara moja kwa nini basi tunakwenda, ukasema, "Nyumba ikiwa na mtu ina macho." Nilidhani unazungumzia wezi. Sikukuuliza tena, na wewe hukuwa mtu wa kurudia.

Nikaondoka pale dirishani kama niliyechomwa.

Ijumaa asubuhi nilifunga milango na madirisha, nikajitwisha begi, nikaaga kijiji kizima. Mwenye duka nikamwambia naenda Hale. Fundi baiskeli, naenda Hale, sirudi karibuni. Nyumbani kwa Mama Mwanaidi sikuingia, nilisimama barabarani nikapaza sauti kwamba hapa kwetu hakuna mtu, jamani, naenda kwa shangazi. Nadhani waliona nimerukwa na akili. Nikawahi gari ili Sabato isinikute njiani.

Shangazi amezeeka. Nilimpelekea mkate wa Sabato, ule wa kusuka, niliouoka kama ulivyonifundisha, akautazama akasema nimeusuka kama nywele za mtoto anayelia. Tukawasha mishumaa kwa namna yake. Kisha akajifuta macho na upande wa kitenge, akasema, "Mama yako alinichosha sana yule. Sasa nani atanichosha?" Tulilia hapo wote wawili, chakula kikapoa.

Nilipokaribia kurudi nilikuwa naogopa hata kuja. Nilifika, nikaoga, nikafagia uwanja ambao ulikuwa safi. Mwishowe nikaenda.

Pembe imevunwa, Mama. Yote. Mabua yamekatwa, yamelazwa upande mmoja vizuri, na hata yale ya pembezoni yaliyokwisha guswa na nyani hayakuachwa. Nikakaa chini palepale nikalia kwa sauti. Nilitaka kukimbia nije nikwambie, na hakuna mwingine duniani niliyetaka kumwambia.

Jioni nilikwenda dukani. Kila mtu alinipa pole ya safari. Nikawatazama nyuso, nikajikuta naona haya, nikatazama chini. Usiku ulipokuwa unaingia Mama Mwanaidi akapiga hodi, akakaa hapa kibarazani, akaniuliza shangazi hajambo, tukakuzungumza wewe mpaka chai ikaisha. Huenda alikuwa yeye. Huenda hakuwa yeye. Sikumuuliza, naye hakutazama upande wa reli. Baba Mdogo alipopiga simu kutaka kujua nani amechukua, nikamjibu sikuwepo. Akasema, "Msimu ujao nitakupitia hapo Mnyuzi, twende wote Hale."

Kwa hiyo ahadi yangu ni hii. Nitapanda mpaka kwenye reli, nitaiacha pembe, nitafunga dirisha lako, nitaondoka, na nikirudi sitauliza. Nina umbea, unanijua, lakini hilo nitaliweza. Sihitaji kujua ni nani anayevuna.

Ninachotaka kujua ni kama umeridhika, Mama, na kwa hilo pia hakuna mtu wa kumuuliza.

Pumzika. Roho yako na ikae na walio hai kwa Mungu.

Mwanao,
Rebeka