Paa la Baba

Kitale, Jumapili

Senge Phelista,

Mulembe. Mimi ni mzima, ila mvua ya huku haipumziki. Sweta uliyonifumia naivaa kila asubuhi. Paka wa jirani amezaa kwenye kapu langu la nguo, sasa sina pa kuziweka.

Uliniuliza kama watoto wa nasari bado wananisumbua. Senge, sifundishi tangu mwaka jana. Walitaka cheti cha chuo, na mimi niko na kile cha kidato cha nne tu. Nikaenda kwa Mzee Yakub, fundi wa mabati. Alicheka, halafu akanipatia nyundo. Miaka thelathini na moja, najifunza kushika msumari! Lakini siku hizi naezeka nyumba nzima, na haivuji.

Juzi baba alinipigia simu kutoka Sirisia. Ati paa linavuja juu ya kitanda chake, na mafundi wa huko ni walevi, nimtafutie mmoja wa Kitale. Nikamwambia niko na mmoja mzuri. Jina sikutaja. Wewe ni dada yake, unajua anavyosema: mwanamke akipanda juu ya nyumba ya babake, analeta laana.

Basi Jumamosi nakuja kuziba hilo paa; wewe mwite kwako asubuhi, umpikie kuku, umkalishe mpaka mvua ya jioni ianze. Halafu umrudishe. Nitamwambia mwenyewe ni nani alipanda. Akitaka kunifukuza, anifukuze akiwa mkavu.

Ni mimi wako,
Nakhumicha