Maneno Yaliyobaki Njiani

Addis Ababa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, miguu imeacha kukusumbua na baridi ya Mollo haijakufungia ndani. Mimi usiniulize kama nimekonda, nimekonda. Mwili hauumwi, ila moyo hauko sawa. Ulipopiga simu Jumapili sikupokea kwa sababu ningelia tu, nawe ungeanza kufunga mizigo unifuate.

Unajua kazi yangu ni kuandika programu inayotuma ujumbe wa simu kwa wagonjwa wa hospitali moja hapa. Mashine haijui herufi, mama. Kila herufi lazima igeuzwe iwe namba, na namba hizo zinakaa kwenye vipande vidogo vinavyoitwa baiti. Herufi zetu za Kiswahili zinachukua baiti moja moja. Za Kiamhari, lugha ya huku, kila moja inachukua tatu. Mimi nikatenga nafasi kwa kuhesabu herufi. Ni sawa na kuhesabu magunia ya kupakia kwenye lori huku mengine ni lumbesa, yamejazwa kupita kiasi: hesabu inakubali, lori linakataa.

Na nilijaribu, usidhani sikujaribu. Niliandika "Shikamoo mama, habari za Mollo", ikafika nzima, nikafurahi kama mjinga. Kwa Kiamhari sikujaribu. Bosi alikuwa anatukimbiza, programu ikaanza kazi wiki ile ile.

Kuna mama mmoja anaitwa Almaz. Mtoto wake alipimwa damu, wakaambiwa wakasubiri majibu nyumbani. Ujumbe ulimfikia ukisema majibu yametoka na hospitali inamshukuru. Sehemu ya kumwambia amrudishe mtoto siku hiyo hiyo ilikatwa, haikutoshea. Almaz akaona ameshukuriwa, akatulia. Mtoto akafa.

Tulipogundua, bosi alifunga mlango. "Rekebisha, halafu funga mdomo," akaniambia. "Ukisema, kazi huna, na kibali chako cha kuishi hapa kinakwenda na kazi." Kurekebisha nilirekebisha. Kufunga mdomo ndiko kulikonishinda. Huko kwetu mtu akifiwa, hata usiyemjua vizuri, unabeba unga au kuni unakwenda kukaa naye. Nikanunua sukari na kahawa, nikaenda kwa Almaz.

Walinipokea vizuri, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Wakanipa mahali pa kukaa karibu na mfiwa, wakadhani nimetumwa na hospitali. Nikamwambia Almaz kwa Kiamhari changu cha kubabaisha, "Dada, ujumbe ule ulikatika. Mimi ndiye niliyeandika programu."

Kaka yake akanishika mkono anitoe nje. Sikubisha, nilistahili. Almaz akamzuia, akaniambia, "Nisomee yaliyobaki."

Nilikuwa nayo kichwani, mama, nilikuwa silali. Nikamsomea: mlete mtoto leo, usisubiri kesho, dawa ipo. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Kisha akageukia ukuta.

Bosi amezipata habari. Kazi sina, na mwezi huu nitarudi nyumbani. Sijutii kusema. Najutia yote yaliyotangulia, na nina aibu ambayo sijui nitaiweka wapi. Mwambie baba mdogo wa Kizwite asiniandalie sherehe yoyote, namjua. Msalimie dada, na shemeji anayeendesha bodaboda kule Kasesya. Aje kunipokea stendi, lakini maswali ayaache nyumbani. Mpe salamu mwenyekiti wa jumuiya, na bibi jirani anayekutekea maji.

Nina ombi moja tu. Peleka parokiani nia ya misa kwa ajili ya yule mtoto. Anaitwa Natnael Tesfaye Wolde. Ni jina refu, na padre wetu husoma mbio. Mwombe alisome lote.

Mwanao akupendaye,
Skolastika