Simu ya Rangi ya Feruzi

4 Februari

Binti yangu mpenzi,

Pokea salamu zetu tele. Mimi ni mzima, magoti tu ndiyo yanalalamika, na nimeyazoea kama mtu anavyozoea majirani wakorofi. Hofu yetu ni kwako. Unakula? Bado wanakusimamisha kutwa nzima kwenye pasi huko kwenye chumba cha dobi cha hoteli?

Mama yako hajambo kidogo. Moyo ndio ule ule. Ukimshika, pumzi inapotea na sauti haifiki hata mlangoni. Daktari amesema ukimshika hivyo aketishwe upesi, awekewe kidonge chini ya ulimi, na mwenyewe kidonge hakiwezi, vidole vinamtetemeka. Basi nimefanya ninachokijua. Nimevuta waya kutoka kitandani kwake mpaka kibandani kwangu nyuma ya nyumba. Kwake nimeweka simu ya rangi ya maziwa na kisanduku chenye mpini. Akizungusha tu, simu nyeusi iliyo mezani kwangu inalia mpaka mtaa mzima unajua naitwa. Juzi ililia, nikatoka mbio kiatu mguu mmoja, kumbe hana lolote. "Nilikuwa najaribu tu," anasema, "kama mume bado yuko hewani."

Sasa nina ombi, la zile simu kuukuu ninazokusanya. Simu ya zambarau ninayo, ya waridi ninayo, ya kijani cha jani bichi ninayo. Inayoninyima raha ni ya feruzi. Mzee Miwani, fundi simu mwenzangu wa zamani na mshindani wangu wa sasa katika kuzikusanya, kapata ya rangi ya chungwa na tangu hapo haongei na watu, anawahutubia. Huko uliko hazikosekani kwenye masoko ya vitu vikuukuu. Mama yako anasema wake wenza wamemtosha, ukimletea mwingine atadai talaka yake. Usimsikilize.

Baba yako

26 Februari

Shikamoo Baba, na Mama naye mpe shikamoo yangu,

Barua imenikuta salama, nimeisoma wakati wa chai nikacheka peke yangu hadi msimamizi akaja kuniangalia. Ninakula, msihangaike. Mikono ndiyo imekuwa ya bibi kizee kwa sabuni.

Niambie kweli kuhusu Mama. Wewe ukiandika "hajambo kidogo" mimi nalala macho wazi. Ule waya umenipa faraja. Nyumba imejaa simu na tangu laini ikatwe hakuna hata moja ninayoweza kuipigia, angalau sasa moja ina kazi.

Ya feruzi nimeipata. Nilipoiona niliachia mfuko wa vitunguu katikati ya soko. Rangi imetulia, haina ufa. Kasoro ni moja: ndani haina vile vikombe viwili vya shaba vya kengele, muuzaji anasema aliikuta hivyo. Nilisita, kisha nikawaza uso wako ukiifungua. Nimeituma kwa posta leo, nimeizungushia sweta la Mama. Sweta ni lake, simu ni yako, msigombane.

Mwanao

30 Machi

Binti yangu wa pekee,

Salamu sana, na mikono yako izidi kubarikiwa hata kama imekuwa ya bibi kizee.

Imefika! Nimeigeuza, nikafungua kitako, nikatazama ndani pale jua lisipofika. Unajua mtindo wetu: rangi ya nje inaweza kudanganya, ya ndani haidanganyi. Ni feruzi nje, feruzi ndani. Mama yako amevaa sweta, akaitazama simu muda mrefu, akasema, "Huyu mwenzangu kweli ni mzuri, sasa ndiyo nimeachika." Wiki hii alishikwa mara mbili. Alinipigia nikawahi. Usiogope.

Suala la kengele nimelimaliza. Simu isiyolia ni pambo, na Mzee Miwani atakuja Jumapili kuiona. Nikimwonyesha simu bubu atanitangaza mji mzima. Nimejaribu vikombe vya simu zangu nyingine, havikai. Vilivyokaa ni vya ile nyeusi ya kibandani. Nimevihamisha. Ungeisikia! Sauti nyembamba, safi, ya kistaarabu. Akishaondoka navirudisha. Kwa siku hizi mbili tatu nitakuwa nashinda ndani na mama yako, kibandani siendi.

Baba yako

11 Aprili

Mwanangu,

Sijui barua hii niianzeje. Mama yako ametutoka Jumatano asubuhi. Tumemzika Alhamisi. Nilikwenda posta kukupigia kwa ile namba ya kazini uliyotuachia, iliita tu, hakuna aliyepokea. Nikarudi tena mchana, ikawa vilevile.

Watu walikuwa wengi. Amevikwa vizuri. Shangazi zako wako hapa wananipikia na kunisema kwa kuwa sili. Ni moyo, mwanangu, ulikuwa umechoka siku nyingi. Usifunge safari, hutamkuta, na kazi ukiiacha hawatakungoja. Jikaze.

Baba yako

17 Aprili

Shikamoo Baba,

Barua yako ya tarehe 30 Machi imefika leo, na sina muda wa salamu ndefu. Rudisha vikombe. Ukiwa unasoma hapa, simama, weka barua chini, nenda ukavirudishe, kisha uje umalizie kusoma.

Mimi nakufahamu. Unasema utashinda ndani. Utashinda ndani siku moja, ya pili utakumbuka kitu kibandani, cha dakika moja tu, na dakika yako kibandani naijua tangu nikiwa mtoto natumwa kukuita chakula kimepoa. Na Mzee Miwani hajawahi kuja siku aliyosema. Mwambie simu imekufa. Mwambie chochote.

Mpe Mama shikamoo yangu. Mwambie nimepata likizo ya mwezi wa nane na ninakuja, asimwambie mtu, nataka iwe siri yetu watatu.

Mwanao

6 Mei

Baba,

Shikamoo. Barua yako ya msiba imenifikia jana. Nilikuwa dobini, nikaisoma nimesimama, nikaendelea kupiga pasi mashuka ya watu mpaka saa ya kutoka kwa sababu sikujua kingine cha kufanya. Nimelia leo. Mwenzangu ninayekaa naye amenifungia mlango asije mtu.

Nakupa pole, Baba. Mmekaa pamoja maisha yenu yote, na mimi nilikuwa mbali kama mtu baki. Ile namba ya kazini walikuwa wameibadilisha, sikuwaza kuwaandikia. Hilo nalibeba mimi.

Lakini kuna jambo linanikaba. Umeniandikia watu walikuwa wengi, umeniandikia shangazi. Hukuniandikia ilikuwaje. Jumatano hiyo Mzee Miwani alikuwa ameshakuja? Vikombe ulikuwa umevirudisha? Nijibu hilo tu.

Mwanao

28 Mei

Mwanangu,

Salamu. Afya yangu ipo. Shangazi zako wamerudi makwao, nyumba imekuwa kubwa.

Barua zako zote mbili nimezisoma, ile ya Aprili nayo. Iliingia mlangoni kabla ya siku ya arubaini, viti vya msiba vingali uani.

Simu zote nimempa Mzee Miwani. Alikuja na mkokoteni, akazipakia moja moja mwenyewe. Ya feruzi hakuipata. Nimekutumia wewe kwa posta kwa kuwa wewe ndiye uliyeinunua. Ikifika ifungue.

Baba yako

20 Juni

Baba,

Imefika. Nimegeuza, nimefungua kitako kama ulivyonifundisha. Vikombe vimo.

Ungeweza kuvitoa. Fundi hasahau kengele ndani ya simu. Umeshindwa kuniandikia, ukaniletea kwa posta nikajisomee mwenyewe, na nimekukasirikia, Baba, nimekukasirikia mpaka meno yananiuma. Kisha nakumbuka kwamba mimi niliiona haina kengele nikainunua vilevile, kwa kuwa rangi ilinipendeza na nilitaka unisifu. Sijui hasira hii niigawe vipi.

Nimejaribu kujiambia labda hata hakuzungusha mpini. Labda alikwenda usingizini, hakujua. Watu huenda hivyo. Kama ni hivyo niambie, nitaamini na hatutalizungumza tena maisha yetu. Kama sivyo, niambie pia. Alipiga?

Mwanao

11 Julai

Mwanangu,

Ningeweza kukuandikia kwamba alikwenda usingizini. Shangazi zako ndivyo wanavyojua, na mtaa mzima. Lakini umeniuliza wewe.

Mzee Miwani hakuja Jumapili ile. Aliniletea salamu kwamba atakuja Jumatano. Asubuhi ya Jumatano mama yako alikuwa mzima, kanywa chai, kanitania kuhusu mgeni wangu. Nikaona simu ya feruzi ina doa dogo kwenye mkonga. Nikaenda nayo kibandani kuipiga msasa laini. Nilimwambia nakuja sasa hivi. Kwamba simu nyeusi haina kengele sikukumbuka. Si kwamba nilidharau. Nilikuwa nawaza lile doa.

Siku ile ya kuhamisha nilikuwa nimetoa vikombe tu. Kinyundo kinachovigonga nilikiacha ndani ya simu nyeusi, hakuna aliyekihitaji. Mpini ukizungushwa kule chumbani, kinyundo kinacheza kama kawaida, ila hakina cha kugonga. Kinakwaruza tu, tiki tiki tiki, ndani ya boksi.

Niliisikia. Nikasema panya huyu ameingia wapi tena. Ikanyamaza. Baada ya kitambo ikaanza tena, fupi zaidi. Nilivua kiatu nikapiga meza, nikasema kwa sauti, "Toka hapo!" Ikanyamaza. Nikamaliza doa langu, likatoka vizuri.

Nilipoingia ndani alikuwa ameegemea ukuta, mkonga wa simu yake u mapajani na kidonge sakafuni, na mkono wake ulikuwa bado una joto.

Mwezi wa nane ukitaka kuja, njoo. Usipotaka, sitakuuliza. Swali lako umeuliza moja, na jibu ndilo hili: alipiga mara mbili, mwanangu, na mara zote mbili nilikuwapo.

Baba yako