Kompyuta Inazimika, na Evaristi Anasubiri Jibu

Jumanne, 8 Julai 2025. Moshi, upande wa chini wa mji. Baridi imeshika tangu asubuhi, mawingu yamelala juu ya mapaa, na mlima hatujauona tangu Ijumaa. Mwezi huu inatimia miaka arobaini na sita tangu nilale Kibosho, kwetu mlimani, kwa mara ya mwisho.

Nasema nilale, kwa sababu kufika huwa nafika. Nafika kwa misiba, kwa Krismasi, kwa kipaimara cha watoto wa ndugu. Lakini kila mara nashuka kabla giza halijaingia. Kutoka kibarazani kwangu hadi kwenye migomba ya mama ni mwendo ambao gari linaumaliza kabla maharage hayajaiva. Watu wakiniuliza kwa nini silali, nawaambia barabara ni mbaya. Ni kweli, barabara ni mbaya. Ila hiyo siyo sababu.

Sababu ni wivu. Neno hilo nimeliandika mara moja wiki hii, na kompyuta ikazimika kabla sijalihifadhi.

Nianze na kompyuta, maana hiyo angalau inaelezeka.

Ni kompyuta ya mezani, aliniachia binti yangu Neema alipohamia Dodoma. Tangu baada ya Pasaka imekuwa inazimika yenyewe. Kioo kinageuka bluu, yanatokea maandishi meupe nisiyowahi kuyamaliza, kisha giza. Baada ya muda inajiwasha tena, kama mtu aliyesinzia kanisani akashtuka na kujifanya alikuwa anasali.

Mimi nilikuwa mpima ardhi wa serikali, Tabora kwanza, kisha Shinyanga, hadi nilipostaafu. Mpima hakisii. Nilichukua daftari nikaanza kuandika: siku, saa ya kuwasha, saa ya kuzimika, nilichokuwa nafanya. Baada ya wiki mbili nikaona mpangilio. Inadumu kama dakika arobaini. Ikijiwasha tena haraka, inadumu kumi tu.

Nikabadilisha soketi. Nikaazima stabilaiza ya jirani. Nikafungua boksi, nikachomoa kumbukumbu zake, vile vibao viwili vyembamba, nikasugua meno yake kwa kifutio cha penseli kama nilivyosoma mtandaoni, nikavirudisha. Nikafuta programu zote nikaweka upya. Dakika arobaini.

Nikaipeleka mjini kwa fundi Mariamu, mama mmoja mtulivu ambaye hana haraka na mashine wala na watu. Alikaa nayo siku mbili, ikawaka kutwa nzima mezani kwake bila kukohoa.

"Mzee wangu, hii haina ugonjwa," aliniambia. "Labda haipendi nyumba yako."

Nilicheka naye. Nyumbani nikaiwasha, ikafika dakika ya thelathini na nane. Nawaambieni ukweli, niliionea wivu hata meza ya yule fundi.

Basi kosa nikalihamishia kwenye nyumba. Nikamwita fundi umeme, akapima nyaya zote, akakaza skrubu mbili ili nisione amekuja bure, akaondoka. Daftari lilifika ukurasa wa kumi na tisa.

Sasa nieleze nilichokuwa naandika humo ndani, kwa nini kuzimika kwake kuliniuma, na kwa nini mara nyingine hakukuniuma.

Wiki tatu zilizopita alinipigia Evaristi, mdogo wangu, kitinda mimba wa mama. Akasema amekata kipande cha kihamba, shamba letu la migomba la urithi, upande wa juu karibu na mfereji, na amekwisha kupanda masale pande zote nne. Kwetu mpaka ni masale, mmea wa majani marefu unaoheshimiwa kuliko hati yoyote niliyowahi kuichora. Akasema kipande hicho ni changu. Nipande mlimani nikajenge, nizeekee huko, na siku ikifika nizikwe karibu na mama. Ukoo unakutana Jumapili hii. Anataka jibu langu kwa maandishi, wazee walisikie na waweke sahihi zao, ili watoto wetu wasije wakagombana.

Anayesoma haya asiyetoka kwetu inafaa aelewe desturi. Mtoto wa kwanza wa kiume hukatiwa shamba lake. Wa mwisho hubaki na nyumba, na kihamba cha nyumbani, na mama. Wa kati hupewa baraka na njia. Sisi tulikuwa watatu. Kaka mkubwa, ambaye sasa ni marehemu, alipata la kwake. Evaristi alibaki. Mimi ni wa kati. Baba aliniita Julai ile, mbele ya wazee wawili na kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, akanieleza kwa upole jambo ambalo nililijua tangu utotoni. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Kesho yake nikapanda basi.

Hakuna aliyenikosea. Hilo ndilo linalonikera hadi leo. Ningekuwa nimedhulumiwa, ningekuwa na hasira, na hasira ina heshima yake. Nimebaki na wivu, kitu ambacho mzee wa miaka sabini na miwili anakificha kama soksi iliyotoboka.

Na siyo wivu wa ardhi tu. Ardhi nimeipima maisha yangu yote. Nimesimamisha mawe ya mipaka kwenye mashamba ya watu nisiowajua, nikiwaambia, kuanzia hapa hadi pale ni kwako. Ninachomwonea wivu Evaristi ni vitu vidogo. Kwamba anaamka anasikia maji ya mfereji na hayasikii, kwa jinsi alivyoyazoea. Kwamba anakohoa kama baba. Kwamba mama alikufa akiwa ameushika mkono wake, mimi nikiwa Shinyanga nasubiri gari. Mimi naijua kwa kichwa migomba iliyokatwa zamani: huu ulikuwa karibu na zizi, ule uliinamia paa la jiko. Yeye amekwisha kuisahau. Aliyebaki hana haja ya kukumbuka.

Jibu nimeliandika mara tatu. La kwanza lilikuwa shukrani tupu, na ndiyo, nakuja. Likaliwa na ile bluu. La pili lilikuwa na shukrani chache zaidi. La tatu ndilo lililokuwa na neno wivu. Mke wangu, Mama Neema, alinishauri niandike kwa kalamu. Nikamwambia barua ya ukoo inatakiwa ipigwe chapa.

Nikiri hapa: mara ile ya tatu ilipozimika, nilifurahi.

Leo saa nne asubuhi Evaristi akatokea bila kupiga simu. Alibeba mkungu wa ndizi mshare begani, na kidumu cha maziwa mkononi. Ana miaka sitini na mitatu na bado anabeba mkungu begani. Hilo nalo niliandike.

"Shemeji, umetuletea shamba zima," Mama Neema akamwambia mlangoni.

"Nimewaletea la kuonja. Lenyewe liko juu linawasubiri." Akanigeukia. "Shikamoo kaka."

"Marahaba."

"Jibu langu liko wapi?"

"Limo kwenye kompyuta."

"Si ulitoe?"

"Halitoki. Inazimika kila ninapoandika."

Akacheka kile kicheko cha baba. "Mbe, kaka, umesoma wewe hadi ukapima nchi za watu, leo unashindwa na sanduku?"

Nilimwambia akae aone mwenyewe. Nikaiwasha, nikaanza barua ya nne huku yeye akinywa chai na kumsimulia shemeji yake habari za ng'ombe aliyezaa mapacha. Niliandika taratibu, nikisikia kila neno lake. Dakika ya thelathini na tisa, bluu. Kisha giza.

Evaristi akaweka kikombe chini. Akaja akainama, akaweka kiganja ubavuni mwa boksi, vilevile anavyoshika sikio la ng'ombe.

"Huyu ana homa," akasema.

Kisha akainua kitambaa.

Sijakitaja kitambaa hadi hapa kwa sababu sikukitaja hata kwenye daftari. Katika nyumba zetu kitu cha thamani hufunikwa. Redio hufunikwa, televisheni hufunikwa, makochi yana vitambaa mgongoni na mikononi. Boksi la kompyuta nililifunika kwa kitambaa cheupe cha kufuma, chenye maua pembeni, na ua kubwa kuliko yote linaning'inia nyuma. Chini yake, ili vumbi lisipenye kwenye matundu ya kufuma, nilitandika nailoni nzito niliyoikata kwa rula. Ilishuka nyuma sawasawa hadi usawa wa feni.

Hewa iliyotoka pale alipoinua ilinuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya shati.

"Kaka, umemziba pua," Evaristi akasema. "Kwa fundi alikuwa anafunikwa?"

"Hapana."

"Haya."

Mama Neema alicheka hadi akatafuta kiti. "Kurasa kumi na tisa, Baba Neema. Umepima hadi nyaya za ukutani, na kitambaa ninachokufulia kila mwezi hukukiona."

Nililifungua daftari, nikahesabu nyuma. Kitambaa kile zamani kilikaa juu ya redio. Redio ilikufa wakati wa Kwaresima. Jumatatu ya Pasaka nilikihamishia kwenye kompyuta. Mara ya kwanza kuzimika ni Jumatano iliyofuata. Mimi mpima ardhi nilikuwa nikipima kuanzia kwenye kosa lenyewe, kosa likiwa chini ya kiwiko changu. Na aliyeliona ni yule yule aliyepata kila kitu kingine.

Hapo nilidhani aibu imekwisha. Evaristi hakukirudisha kitambaa. Alikikunjua dirishani, akakigeuza, akapitisha kidole kwenye ua kubwa.

"Hiki ni cha mama."

Nikasema ndiyo. Alinipa asubuhi ya kuondoka, amekikunja ndani ya gazeti.

"Alikifuma wiki ile uliyoitwa na baba. Nilikuwa nakaa naye jikoni namshikia uzi. Nikamwomba na mimi anifumie. Akasema, wewe una nyumba nzima, kitambaa cha nini? Hadi anakufa hakunifumia kitu. Nilikuonea wivu, kaka. Kitambaa, na basi ulilopanda. Mimi nilipewa jembe na wazazi wawili wa kuwatunza."

Alisema bila uchungu, kama mtu anayetaja bei ya majani ya ng'ombe. Mama Neema alitoka akaenda kutazama jiko lisilohitaji kutazamwa.

"Nipe hiki," akasema Evaristi. "Nikakiweke kwenye kiti chake. Kiti bado kipo."

Nikamjibu, "Kitafuliwa kwanza."

Kila mtu wa kwetu anaijua maana ya jibu hilo. Naye aliijua. Akakikunja vizuri, akakiweka juu ya meza, akamaliza chai yake. Akasema Jumapili, kaka, usichelewe. Saa nane akaondoka.

Alinikatia ardhi na kuizungushia masale pande nne. Mimi nimemnyima kitambaa. Alipoondoka nilikipima: sentimita sitini kwa arobaini na tano.

Ndivyo nilivyo.

Kompyuta sasa imewaka kwa muda wa saa tatu na dakika ishirini bila kitambaa, feni inavuma sawia. Nimekosa sababu ya kutoandika. Kwa hiyo nimeandika, na nimehifadhi, na nimehifadhi tena.

Nilichomwandikia ni hiki, kwa kifupi. Katika kazi yangu niliitwa mara nyingi kwenye ugomvi wa ndugu, na sikumbuki hata mmoja ambao haukuanzia mpakani. Leo mimi na yeye hatuna mpaka. Nikijenga pale, masale yale yatakuwa mpaka wetu wa kwanza, na ninajijua. Kila asubuhi nitatoka nje kuhesabu mikungu yake. Nitasikiliza maji yameingia kwake kwa muda gani na kwangu kwa muda gani. Nitampima, kwa sababu ndicho ninachoweza. Hapa chini wivu wangu unakaa mbali naye, na mdogo wangu anaweza kuja na kidumu cha maziwa akanicheka. Nimemwomba asiyang'oe masale. Apande kahawa ndani yake, ampe kipande hicho binti yake mkubwa, naye kama mimi si wa kwanza wa kiume wala wa mwisho.

Kitambaa nimekifua mwenyewe. Mama Neema alitazama, kisha akanionyesha jinsi ya kukitia wanga kidogo ili maua yasimame. Jua hakuna, kwa hiyo kinakauka juu ya kamba karibu na jiko. Hadi Jumapili kitakuwa tayari. Nitakipeleka pamoja na barua, nitakitandika kwenye kile kiti kwa mkono wangu, nitakula mtori, nitawasalimia wazee, nami nitashuka kabla giza halijaingia.

Sitarudi Kibosho kuishi, wala sitalala huko.